Mwizi wa Mvunguni

Ukitaka kujua kama Mama Mdogo amekukasirikia, usimtazame usoni. Vaa nguo aliyokushonea, kisha jaribu kuinua mkono. Mkono ukipanda bila shida, uko salama. Ukikwamia kwapani, jua kuna neno ulilisema, pengine mwaka juzi, nawe umeshalisahau. Yeye hajalisahau. Jirani yetu mmoja, mwalimu wa kwaya, aliwahi kusema mbele za watu kwamba mikono ya gauni lake imepinda. Tangu hapo anaongoza kwaya viwiko vikiwa vimebana mbavuni kama kuku aliyenyeshewa, na mpaka leo anadhani amenenepa.

Siku moja nilimwuliza Mama Mdogo kwa nini hamsamehi yule mwalimu. Akatoa pini mdomoni.

"Mimi sisamehi, mwanangu. Mimi napunguza."

Kupunguza, kwa mafundi wa cherehani, ni kuingiza mshono ndani kidogo ili nguo ibane. Mvaaji haoni kitu, anahisi tu.

Mama Mdogo ni kitinda mimba wa Bibi, mdogo wake mama. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sare, na kwa miaka yote hiyo alishona kola tu. Mwingine alishona mikono, mwingine mifuko, yeye kola. Aliniambia kuna watu maelfu wanatembea mjini na shingo zao ziko mikononi mwake, na hakuna hata mmoja anayemjua. Kiwanda kilipofungwa alikuja kwetu, akapewa chumba cha mbele, akaweka cherehani karibu na dirisha. Kando ya cherehani akaweka kompyuta kuukuu aliyoinunua kutoka ofisi iliyokuwa inatupa vyombo vyake. Feni yake inapiga kelele kuliko cherehani yenyewe. Alisema ni ya kuangalia mitindo.

Mimi ndiye niliyemwonyesha Falme za Ukungu. Ni mchezo wa intaneti: watu maelfu mnaishi katika nchi moja ya kubuni, kila mmoja ana jina lake na mwili wake wa mchezoni. Unaanza na fimbo na vazi la gunia. Unakata miti, unapigana na wanyama, unajenga, unajiunga na ukoo. Nilimkalisha kitini ajaribu kidogo tu wakati nasubiri aniwekee zipu ya begi la shule. Zipu ile niliipata baada ya wiki mbili, na kitini sikurudi tena. Ilibidi nicheze kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nimekaa kwenye rundo la vitambaa.

"Huyo anashona nini humo ndani?" Bibi aliuliza kila alipopita mlangoni.

"Anashona ukoo, Bibi."

"Haya. Asisahau na pazia langu."

Na kweli alishona ukoo. Mchezoni aliitwa Mama Pindo, na katika seva ya kwanza, yaani nchi ya kwanza ya mchezo, alianzisha Ukoo wa Sindano, watu wengi wazima na vijana, wa mbali na wa karibu, ambao hakuna aliyemwona mwenzake uso. Kulikuwa na Shoka, ambaye nje ya mchezo ni dereva wa lori na sauti yake ni nzito kama lori lenyewe. Shoka alikuwa akisema "naam, Mama" kwa Mama Mdogo, ambaye kwenye vikao vya familia hupewa kazi ya kumenya viazi na hukatwa kauli. Nilikuwa namtazama akitoa amri huku futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Mgongo wake ulikuwa unanyooka.

Na kulikuwa na Radi.

Radi alikuja na gunia lake na fimbo yake, akauawa na mbuzi pori. Akafufuka, akauawa na mbuzi yuleyule. Mama Mdogo akamhurumia. Alimpa ngao, akamfundisha kuchuna ngozi, akamfundisha kupanga ghala, mwisho akamfanya msaidizi wake. Ghala la ukoo, lililokuwa na vito, silaha na kila kitu tulichohangaikia, lilikuwa na watu wawili tu wenye uwezo wa kulifungua. Mama Pindo na Radi.

Sasa Radi alikuwa na kilema kimoja: alipenda methali kuliko alivyozijua. Siku moja tulikuwa tunahimizana kuchimba madini, naye akaandika kwenye chati, mbele ya ukoo mzima: "Mtaka cha mvunguni sharti apande!"

Mama Mdogo alicheka mpaka kanyagio la cherehani likamtoka mguuni.

"Ainame, Radi!" akaandika. "Sharti AINAME. Mvungu ni huko chini ya kitanda, utapandaje?"

"Mvungu ni juu, Mama," Radi akajibu. "Chini ya paa. Bibi yangu alikuwa anaficha sukari mvunguni, na mimi nilikuwa napanda juu ya meza kuifikia."

Kumbe kwao dari waliiita mvungu. Yule bibi ndivyo alivyosema, na mtoto ndivyo alivyoshika. Lakini nani alimsikiliza? Shoka aliuliza kama kwao wanalala kwenye paa kama popo. Mwingine akachora kitanda kimekaa juu ya mabati, picha ikazunguka kwenye chati wiki nzima. Radi hakukubali kosa. Aliandika tu, "Haya, chekeni."

Tukacheka. Tukasahau.

Haikupita muda ghala likawa tupu; juu vikapu vilionekana vimejaa, chini hakuna kitu. Mama Mdogo alikuwa ametoka kumpima bi harusi. Alipowasha kompyuta alikuta ameshafukuzwa katika ukoo aliouanzisha mwenyewe, kwa sababu Radi alikuwa amewahi kusema: "Ndugu zangu, inaniuma, lakini Mama ameuza ghala lote." Mwenye kuwahi kusema ndiye mkweli, mpaka mwingine apate nafasi, na Mama Mdogo nafasi hakupewa. Shoka alimtumia maneno mawili tu: "Nilikuheshimu." Siku chache baadaye Radi naye akatoweka na jina lake. Tena kwa utulivu, kama mtu aliyeshiba.

Mama Mdogo hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alirudi kwenye cherehani akashona, na wiki ile mtaa mzima ulibanwa makwapa, wenye hatia na wasio na hatia.

"Mchezo tu huo," Bibi alimwambia.

"Jina ni langu, Mama. Wameniita mwizi."

"Lakini si hawakujui."

"Ndiyo maana," alisema. "Jina ndilo kitu pekee wanachokijua."

Nililifikiria neno hilo darasani siku nzima. Mwalimu akaniuliza mto unaanzia wapi, nikamjibu, "Kwenye jina."

Kisha likaja tangazo. Wenye mchezo wanafungua seva mpya. Nchi mpya kabisa, haijakanyagwa. Hakuna anayehamisha kitu, wote mnaanza na gunia na fimbo. Mama Mdogo alilisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya posa. Akakata uzi kwa meno.

"Atakuja," akasema. "Mwizi hawezi kukaa palipoibwa. Anataka pajazwe upya. Atakuja na jina jipya, ataanza kama mimi, gunia kwa gunia. Na mimi nitampunguza mpaka ashindwe kupumua."

Asubuhi ya kufunguliwa kwa seva, ambayo ilikuwa Jumamosi, alifunga mlango wa mbele akatundika kibao cha "Fundi ametoka". Fundi alikuwa ndani, miguu peku, macho kwenye kioo. Nami nilikuwa kwenye rundo langu la vitambaa, simu mkononi. Sijaona kitu cha kuchekesha na kizuri kama kile. Mamia ya watu wamevaa magunia, wamejaa kwenye uwanja mmoja wa nyasi, wote wanapiga mti uleule kwa fimbo. Mti ukianguka, wanakimbilia unaofuata. Kulikuwa na mbuzi mmoja ambaye watu thelathini walimzunguka, na mbuzi akawashinda. Wale waliokuwa wafalme kwenye seva ya zamani walikuwa wanaomba kuazimwa kisu cha jiwe. Nilijiuliza, hivi shuleni tukivuliwa vyeo vyote asubuhi moja, viranja na wote, ni nani angebaki kuwa nani?

"Umechagua jina gani?" nilimwuliza Mama Mdogo.

"Mama Pindo."

"Lilelile? Si watakutambua! Badilisha!"

"Jina langu halijaiba kitu, kwa nini lijifiche?"

Walimtambua kabla hajaangusha mti wa kwanza. Chati ikalipuka. "Mwizi kaja! Fungeni vikapu!" "Mama, leo unauza nini?" Mmoja akaanza kumrushia mawe, wengine wakafuata, mchezo unaruhusu. Mama Pindo wa mchezoni alisimama katikati ya mvua ya mawe na gunia lake. Mama Mdogo akainamisha mwili wake wa mchezoni, akayaokota mawe, moja moja, mpaka kikapu kikajaa.

"Watu wanayachimba haya," akaniambia. "Mimi nimeletewa."

Kwa mawe yale alitengeneza visu, kwa visu akachuna ngozi, na kwa ngozi akaanza kushona. Ndani ya mchezo vilevile alikuwa fundi, na fundi wa mavazi ya vita seva nzima walikuwa wachache. Njaa haina chuki ndefu. Watu walikuja wakimtukana, wakaondoka wamevaa vazi lake. Hata Shoka alikuja.

"Nimekuja kwa biashara, si kwa urafiki," alisema kwa ile sauti yake, ikatikisa spika.

"Biashara inatosha," Mama Mdogo akajibu. "Simama nikupime."

Katika wageni waliomkimbilia, wawili walibaki wakaomba kuwa ukoo wake, pamoja na mimi. Wa kwanza tulimwita Kimya, kwa sababu hakuandika neno wala kutoa sauti. Ukimpa kazi anaifanya, ukimshukuru anaondoka. Wa pili alijiita Asali, na jina halikumkosea. "Mama yangu kipenzi, umeamkaje?" "Mama yangu, usichoke, mimi nitachota maji." Aliandika kila kitu, hakuwahi kuwasha maiki. Alisema ana mafua.

"Mafua ya mwezi mzima?" nilimwuliza Mama Mdogo.

Yeye alikuwa anatazama kikapu.

Vitu vilikuwa vimeanza kupungua. Uzi, ngozi laini, vito vidogo vya kupambia. Na havikupungua kijingajinga. Vikapu juu vilionekana vimejaa, kumbe chini ni mawe, yamefunikwa na ngozi tabaka moja. Mama Mdogo alikaa akavitazama muda mrefu, pini zimejipanga mdomoni.

"Hivi ndivyo ghala la kwanza lilivyokauka," alisema. "Juu kumejaa, chini hakuna. Huu ni mkono uleule, mwanangu. Mshono wa mtu haufichiki."

"Ni Kimya," nikasema. "Mtu gani haongei?"

Asali naye alikuwa na wazo hilohilo. "Mama yangu, sipendi kusengenya," aliandika, "ila yule asiyesema ana mengi ya kuficha."

"Mnasema mamoja," Mama Mdogo aliniambia, akinitazama juu ya miwani. "Hilo peke yake lingetosha kukuogopesha."

Lakini hakuwa na uhakika. Akimfukuza asiye mwizi, mwizi atabaki naye. Akimshika mwizi bila kuthibitisha kuwa ni Radi, Shoka na wenzake watasema amemsingizia mgeni ili ajisafishe. Alihitaji mtego ambao ungemnasa Radi tu, duniani kote Radi peke yake. Aliufikiria akishona, akaufikiria akipika, siku moja akatia chumvi kwenye chai. Kisha mchana mmoja, akiwa amepiga magoti anatafuta pini iliyodondoka na kuviringika chini ya kitanda chake, aliacha kupapasa. Nikaona miguu tu imetokeza.

"Mama Mdogo? Mzima?"

"Mtaka cha mvunguni," sauti ikatoka huko chini, "sharti nini?"

"Ainame."

"Ainame, eeh?" Akaanza kucheka, polepole, cheko ambalo hata mbuzi pori angelikimbia. "Basi nimempata."

Mchezoni tulijenga nyumba ya mbao yenye chumba kimoja. Ndani tukaweka kitanda kikubwa, na chini ya kitanda Mama Mdogo akaweka vito vyote vya ukoo, vya kweli, ndani ya mfuko. Ukiinama tu unaviona. Juu tukajenga dari, tukaegemeza ngazi. Na darini tukatega mtego wa simba: ubao unaobonyea na fito za chuma zinazoshuka pande zote.

Hapo ndipo nilipoogopa. "Sasa kama mwizi anajua Kiswahili?"

"Kama anajua Kiswahili, basi si yeye. Atainama, atachukua, na mimi nimekwisha."

"Lakini walishamcheka Radi. Si atakumbuka kwamba mvungu ni chini?"

"Mwenye kiburi hukumbuka kucheka kwa watu," alisema. "Kosa lenyewe halikumbuki. Yeye mpaka leo anaamini sisi ndio wajinga."

Akampigia Shoka, akamweleza yote.

"Nitakuja na watu wangu, tutalala kwenye nyasi nje ya dirisha," Shoka alisema. "Lakini Mama, nakupa mara hii moja. Vito vikiondoka na mtu usiweze kuthibitisha, usinitafute tena. Na kila mtu kwenye seva hii atajua kwamba umeibiwa mara ya pili na mwizi yuleyule asiyekuwepo."

"Naam," Mama Mdogo akasema. Nilishangaa kusikia neno hilo likitoka upande wake.

Siku iliyofuata, nilipotoka shule, aliandika kwenye chati ya ukoo: "Wanangu, nakwenda kumpima bi harusi, nitachelewa. Vito vyote nimevihifadhi mvunguni. Asiguse mtu." Akatoka mchezoni. Akaja kukaa nami kwenye rundo la vitambaa, vichwa viwili kwenye kioo kimoja kilichopasuka. Mwili wangu wa mchezoni ulikuwa umejificha nyuma ya pipa la maji, pembeni mwa chumba. Bibi naye akaja na kigoda chake.

"Tunamngoja nani?"

"Mwizi, Bibi."

"Haya. Nisogezeeni miwani."

Wa kwanza kuingia alikuwa Kimya.

"Nilikwambia!" nilinong'ona. Mama Mdogo alinibana goti.

Kimya alikwenda moja kwa moja mpaka kitandani. Akainama. Akautazama mfuko. Kisha akasimama, akageuka, akachomoa kisu chake cha jiwe, akasimama mbele ya kitanda kama askari wa lindo. Alikuwa amekuja kulinda. Nilitamani ardhi ya mchezoni inimeze.

Ndipo akaja Asali, na maneno yake matamu. "Kimya, ndugu yangu, pipa limekauka. Nenda kachote maji, mimi nitalinda." Pipa nililojificha nyuma yake lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Kimya akamtazama, akatii, akatoka.

Asali akabaki peke yake. Alikuwa amesimama kando ya kitanda. Mfuko ulikuwa hapo chini, angenyoosha mkono tu. Akazunguka kitanda. Akasimama tena, karibu zaidi.

"Anainama," nikanong'ona. "Mama Mdogo, anainama!"

Hakuinama. Aliinua uso akatazama juu. Akaiona ngazi.

"Amepanda?" Bibi akauliza, maana miwani ilikuwa imemteleza.

"Anapanda, Mama," Mama Mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Anapanda. Panda, baba. Panda, usiogope. Hatua moja tena."

Ubao ukabonyea. Fito zikashuka kwa kishindo ambacho hata kwenye simu yangu kilisikika mpaka jikoni.

Shoka na watu wake waliingia mbio. Mama Mdogo akarukia kompyuta yake, na Mama Pindo akatokea mlangoni. Asali alikuwa anaandika haraka haraka, herufi zinagongana.

"Nifungulieni! Nimenaswa! Nilisikia kishindo nikaja kulinda vito!"

"Uko wapi?" Shoka aliuliza kwa sauti.

"Huku mvunguni!"

Shoka akauliza tena, taratibu safari hii, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Wapi, umesema?"

"Mvunguni! Si mnaniona? Huku juu mvunguni!"

Mmoja wa watu wa Shoka, yuleyule aliyechora kitanda juu ya mabati, aliachia pumzi kwenye maiki. "Jamani," akasema. "Jamani, jamani."

"Radi," Shoka akasema.

Halafu, kwa mara ya kwanza, mafua yakapona. Ilitoka sauti ya kijana mkubwa, si mtoto wala si mzee, inayotetemeka kwa hasira.

"Mlinicheka! Ukoo mzima mlinicheka. Mkachora picha. Bibi yangu ndiye aliyenilea, na mlimgeuza popo."

Katika chumba chetu Bibi alishusha miwani. "Ilikuwa sukari tu," akasema. "Si mngemwambia polepole."

Nilimtazama Mama Mdogo. Nilitaka kujua uso wa mtu unakuwaje anapopata alichokingoja. Nilidhani utalegea; haukulegea. Aliondoa pini zote mdomoni, akazichomeka begani moja moja, kisha akasogea kwenye maiki.

"Ni kweli, nilicheka," alisema. "Ungekuja ukanitukana, ningekaa kimya nikasikiliza. Ungenirushia jiwe, ningeliokota. Wewe ulivaa ngao niliyokupa ukaniita mwizi mbele ya watoto wangu. Kicheko changu kilikwisha wiki ileile. Neno lako nimelivaa mpaka leo."

"Nifungulie, Mama."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Nani alikomba ghala."

Shoka akagonga fito kwa shoka lake, mara moja tu.

"Mimi," sauti ikasema.

"Wewe nani? Asali hakuwepo kule."

"Mimi Radi. Nilikomba mimi. Mama hakuuza kitu."

Nilidhani hapo atamwachia. Mimi ningemwachia. Mama Mdogo alipanda ngazi, akamvua vazi la vita, akamvua viatu, akachukua kisu, mkoba, kila kito na kila uzi, mpaka akabaki na gunia na fimbo. Aliyafanya taratibu, kama mtu anayefumua nguo mshono kwa mshono ili asichane kitambaa. Ndipo akafungua fito.

"Haya," akamwambia. "Seva ni mpya. Anza upya."

Kule nje mbuzi pori alikuwa anamsubiri.

Shoka alibaki. Alikohoa, akakohoa tena. "Mama, nimekukosea sana. Nisamehe."

"Usijali, baba," Mama Mdogo akasema kwa sauti ya upole kabisa, nikajua Shoka amekwisha. "Simama nikupime upya. Nataka nikushonee vazi la heshima."

Alimshonea, la ngozi ngumu, linang'aa. Linazuia mishale vizuri. Ila tangu alivae, Shoka hawezi kuinua shoka kupita bega, na anawaambia watu seva mpya ina hitilafu. Nilidhani kwapa la mchezoni haliwezi kupunguzwa. Linaweza.

Kimya naye alishonewa vazi, pana, linapumua. Aliandika neno lake la kwanza na hadi sasa la mwisho: "Asante." Mimi nilishonewa baadaye kidogo, na sitasema linanibanaje, lakini nimekoma kusema nani ni mwizi kabla sijajua.

Watu wa Sindano walirudi karibu wote. Mama Pindo ana ukoo tena, na jina lake likitajwa kwenye chati hakuna anayefunga kikapu. Unaweza kufikiri yameishia hapo. Hujamjua Mama Mdogo.

Siku chache baadaye lilikuja ombi la kujiunga na ukoo. Mchezoni maombi huwaka kwenye kona ya kioo kama taa ndogo, yanaendelea kuwaka mpaka mwenye ukoo akubali au akatae. Mwombaji alikuwa na gunia na fimbo, na jina alilojichagulia lilikuwa "Nimeinama".

"Ni yeye!" nikapiga kelele. "Mama Mdogo, ni yeye! Utamkubali?"

Alilitazama ombi lile kwa muda. Akaliacha.

"Utamkataa?"

"Nimesema nitamkataa?"

Mpaka leo linawaka. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, Mama Mdogo huwasha kompyuta, husubiri ile feni ianze kulia, huiangalia ile taa ndogo kwenye kona, kisha huiambia kwa upendo kabisa, kama anayemwamkia mtoto wa nyumbani:

"Bado upo, baba? Inama kidogo tena."